EJScreen baada ya kuondolewa na kurudishwa: tathmini ya mtafiti wa haki ya mazingira

Mtu anayeingia katika taaluma ya haki ya mazingira hahitaji maabara wala darubini. Anachohitaji kwanza ni njia ya kuweka mambo mawili juu ya karatasi moja: uchafuzi uko wapi, na ni akina nani wanaoishi karibu nao. Nchini Marekani, ambako fani hii ilipata jina lake, kifaa kilichozoeleka kwa kazi hiyo ni EJScreen, ramani ya mtandaoni ambayo EPA, yaani wakala wa serikali kuu unaosimamia ulinzi wa mazingira, uliifungulia umma bila malipo mwaka 2015. Niliifahamu nikiwa mwanafunzi wa uzamivu, nikaitumia kuandika sura mbili za tasnifu yangu, na sasa naifundisha kila muhula. Tarehe 5 Februari 2025 wakala huo uliiondoa kwenye tovuti yake. Inayotumika leo ni nakala iliyojengwa upya na muungano wa watafiti na mashirika ya kiraia unaoitwa Public Environmental Data Partners, na ndiyo ninayoitathmini hapa, kwa kuwa wanafunzi hawaachi kuniuliza kama bado inafaa kujengea utafiti.

Ili kuipa haki yake, ni vyema kukumbuka jinsi kazi hii ilivyofanywa kabla haijakuwapo. Mwaka 1979 mwanasosholojia Robert Bullard, wakati huo mhadhiri kijana katika Chuo Kikuu cha Texas Southern mjini Houston, aliombwa na mkewe, wakili Linda McKeever Bullard, amkusanyie ushahidi wa kesi ya kupinga dampo lililopangwa kuwekwa Northwood Manor, mtaa wa watu weusi. Hapakuwa na ramani ya kubofya. Bullard na wanafunzi wake walifukua kumbukumbu za jiji, wakazunguka mitaani, wakahesabu. Waligundua kwamba madampo yote 5 ya jiji, vichomea taka 6 kati ya 8 vya jiji, na madampo 3 kati ya 4 ya watu binafsi yalikuwa katika mitaa ya watu weusi, ilhali watu weusi walikuwa robo tu ya wakazi. Kesi yenyewe walishindwa, lakini namna ile ya kuhesabu ikawa mfano ulioigwa na watafiti waliofuata. Mwaka 1987 tume ya haki za rangi ya kanisa la United Church of Christ ilifanya hesabu ya aina hiyo kwa nchi nzima, safari hiyo kwa taka zenye sumu na kwa kutumia maeneo ya posta. Sehemu kubwa ya kazi ambayo watu wale waliihangaikia kwa miezi, EJScreen huimaliza kabla chai haijapoa, na hilo si jambo dogo.

Matumizi yake ni mepesi. Unaandika anwani au unaweka nukta kwenye ramani, unachagua duara la maili 1 au 3 au unachora mwenyewe mipaka ya mtaa unaoutaka, na programu inakupa ripoti fupi iliyo tayari kuchapwa. Toleo la mwisho la EPA, yaani 2.3 la mwaka 2024, lina viashiria 13 vya mazingira: chembechembe laini za hewani, ozoni, nitrojeni dioksaidi, moshi wa dizeli, sumu zinazotolewa hewani na viwanda, ukaribu na barabara zenye magari mengi, nyumba za kabla ya mwaka 1960 zinazoweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, ukaribu na maeneo yaliyoorodheshwa na serikali ili yasafishwe, ukaribu na viwanda vinavyohifadhi kemikali za hatari, ukaribu na vituo vya taka zenye sumu, matangi ya mafuta yaliyozikwa ardhini, majitaka, na mifumo ya maji ya kunywa iliyokiuka kanuni. Sambamba na hivyo huwekwa takwimu za wakazi kutoka Ofisi ya Sensa: kipato, rangi, elimu, lugha, umri. Kizio chake ni kidogo, eneo la sensa lenye watu kati ya 600 na 3,000 kwa kawaida, na kwa mtafiti wa miji huo ni utajiri, maana tofauti kati ya upande huu na upande ule wa reli huonekana wazi badala ya kumezwa na wastani wa wilaya.

Sifa yake kubwa ni kwamba inampa nguvu mtu asiye na mafunzo ya takwimu. Nimewaona viongozi wa mitaa wakiingia katika kikao cha kibali cha kiwanda wakiwa na kurasa nne mkononi, na maofisa wakalazimika kujibu namba zilizotoka katika mfumo wa serikali yenyewe. Hata hivyo, ripoti ile ile inayomsaidia mwananchi kikaoni inaweza kumpotosha mtafiti mwenye haraka ya kuchapisha, na hapo ndipo tathmini yangu inapokuwa kali.

Shida inaanza na lugha ya ripoti yenyewe. Karibu kila kitu hutolewa kwa pesentaili, yaani nafasi ya eneo katika foleni ya nchi nzima. Eneo lenye 92 kwa moshi wa dizeli ni eneo ambalo asilimia 92 ya wakazi wa Marekani wanaishi penye kiwango sawa na cha hapo au cha chini yake. Namba hiyo haisemi kiwango chenyewe ni kipi, wala haisemi kama kinaumiza. Nakumbuka jioni moja katika ukumbi wa kanisa, kwenye mtaa uliopakana na yadi ya malori, ambako nilikuwa nimechapa nakala 30 za ripoti kwa rangi nzuri na nikajiona nimejiandaa. Bibi mmoja aliyekaa kiti cha mbele aliishika karatasi mbali na macho, akapitisha kidole kwenye mistari ya namba, akaniuliza, "Mwanangu, hii 92 ni alama za mtihani? Tumefaulu au tumefeli?" Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaanza kueleza, na kila sentensi niliyoongeza ilizidi kunizamisha. Aliponionea huruma alichukua kalamu yangu, akachora mstari kwenye ukingo wa ramani mahali ambapo malori husimama usiku injini zikinguruma, akaandika kando yake saa nne mpaka saa kumi na moja. Kiashiria cha dizeli katika EJScreen ni makadirio ya modeli kwa wastani wa mwaka mzima. Hakiwezi kujua lolote kuhusu saa zile saba, na watoto wa mtaa ule walikuwa wakilala ndani ya saa zile saba.

Kwa chembechembe laini hali ni ya hila zaidi. Mwaka 2024 EPA ilishusha kiwango cha juu cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 12 hadi 9 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Maeneo mengi ya nchi yamesongamana ndani ya mikrogramu chache za viwango hivyo, kwa hiyo tofauti ndogo ya hewa inaweza kulirusha eneo hatua nyingi mbele katika foleni. Mwanafunzi anayeandika kwamba mtaa mmoja "umechafuka mara mbili" ya mwingine kwa sababu una 80 na mwenzake una 40 amekosea, na ripoti haimwonyi kwa sauti ya kutosha. Thamani halisi zimo, lakini zimewekwa kwenye jedwali dogo ambalo jicho halilifikii haraka kama linavyozifikia zile pesentaili.

Kasoro ya pili inamgusa moja kwa moja anayechunguza tofauti za kijamii. EJScreen ina viashiria vya mazingira na vya wakazi, na pia ina fahirisi zinazoviunganisha: pesentaili ya uchafuzi huzidishwa kwa kipimo cha wakazi, kisha matokeo hupangwa upya katika foleni nyingine. Kipimo kikuu cha wakazi ni wastani wa mambo mawili, yaani asilimia ya watu wenye kipato cha chini, ambao ni wale wa kaya ambazo mapato yake hayazidi mara mbili ya mstari wa umaskini, na asilimia ya watu wasio weupe. Kwa ofisa anayetaka kujua aanzie wapi ukaguzi, mchanganyiko huo unafaa. Kwa mtafiti ni mtego wenye pande mbili. Upande mmoja, mtaa wa watu weusi wenye kipato cha kati na mtaa wa wazungu maskini wanaweza kupata alama zinazofanana, ingawa historia zilizowafikisha pale hazifanani hata kidogo, na kuzitenganisha historia hizo ndiyo kazi tunayolipwa kuifanya. Upande wa pili, ukitumia fahirisi hiyo kuthibitisha kwamba maskini ndio wanaobeba uchafuzi, umejibu swali kwa swali lenyewe, maana umaskini ulikwisha kuutia ndani ya namba tangu mwanzo. Nimerudisha rasimu nyingi kwa kosa hili, mojawapo ikiwa imebakiza siku kumi kufika mbele ya jopo la watahini. Ushauri wangu ni mfupi: chukua viashiria ghafi vya mazingira upande mmoja, takwimu za wakazi upande mwingine, na uhusiano kati yake uuchunguze mwenyewe.

Kuhusu duara, EJScreen inastahili sifa. Paul Mohai na Robin Saha walionyesha mwaka 2006 kwamba tafiti nyingi za awali zilipunguza ukubwa wa tatizo kwa sababu zilihesabu tu wakazi wa eneo la sensa ambamo kituo cha taka kimo, wakati kituo kinaweza kuwa mpakani kabisa na majirani wake wa karibu wakahesabiwa kuwa watu wa eneo lingine. Walipopima kwa umbali, tofauti za rangi zilizidi kuonekana. Kuchagua duara la maili unazotaka ni mbinu hiyo hiyo iliyowekwa mikononi mwa kila mtu. Lakini mashambani, ambako eneo moja la sensa linaweza kutanda maili nyingi, duara la maili 1 hukata kipande cha eneo na programu hulazimika kukadiria nani anaishi ndani yake. Katika tasnifu yangu niliyachukulia makadirio hayo kama hesabu ya vichwa. Mtahini mmoja aliniuliza kama niliwahi kufika kwenye lile duara namba sita. Nilikuwa sijafika. Nilipofika, nilikuta shamba la soya na ghala lililofungwa, na kaya zote nilizokuwa nimeziweka ndani ya mstari zilikuwa ng'ambo ya mto.

Mashambani pia ndiko kunakoonekana vizuri kile ambacho ramani haikiwekei kiashiria. Mashariki mwa North Carolina, mashamba makubwa ya nguruwe humwaga kinyesi katika mabwawa ya wazi kisha hukinyunyiza mashambani, na mashamba hayo yamejazana zaidi walipo watu weusi, wenyeji wa asili na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Kati ya viashiria vile 13 hakuna hata kimoja kinachopima harufu hiyo wala mabwawa hayo. Aliyeyapima ni Steve Wing, mwanaepidemiolojia wa Chuo Kikuu cha North Carolina aliyefariki mwaka 2016, na aliyapima pamoja na wakazi wenyewe: watu walijitolea kukaa nje ya nyumba zao dakika 10 mara mbili kwa siku, wakaandika ukali wa harufu na jinsi miili yao ilivyojisikia. Hakuna kitufe cha jambo hilo. Kwa maji nako ramani ilichelewa mno. Wakazi wa Flint, Michigan, walianza kunywa maji ya mto wao, yaliyowafikia yakiwa na madini ya risasi, mwezi Aprili 2014, na kiashiria cha maji ya kunywa kikaingia katika EJScreen mwaka 2024.

Inapolinganishwa na CalEnviroScreen ya jimbo la California, EJScreen ina upana lakini haina meno. Ile ya California, iliyotoka kwanza mwaka 2013 na kufikia toleo la 4.0 mwaka 2021, ina viashiria 21 vikiwemo vya dawa za kuulia wadudu na vya wagonjwa wa pumu wanaofikishwa vyumba vya dharura, na huvijumlisha vyote kuwa alama moja ambayo serikali ya jimbo huitumia kuamua mitaa ipi ipewe kipaumbele cha fedha za soko la kaboni, yaani zile zinazotokana na kuviuzia viwanda vibali vya kutoa hewa ya ukaa. Rangi ya watu haimo katika alama hiyo. EJScreen inayo rangi, ila haitoi alama moja ya jumla, na EPA iliwahimiza watumiaji waichukulie kama hatua ya kwanza ya kuchuja tu. Mimi kama mtafiti naipendelea hali hiyo, kwa kuwa alama moja ya jumla huficha zaidi ya inavyofunua, ingawa naelewa kwa nini mkazi anayetafuta fedha za kubadilishiwa mabomba atapendelea ile nyingine.

Nirudi kwenye kuondolewa kwake. Amri ya Rais Clinton namba 12898 ya tarehe 11 Februari 1994, iliyozitaka idara za serikali kuu zizingatie haki ya mazingira, ilifutwa mwezi Januari 2025, na wiki kama mbili baadaye ramani nayo ikatoweka. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa amebakiza jedwali moja tu kukamilisha pendekezo lake la utafiti. Aliniandikia kwamba kiungo hakifunguki, nami nikamjibu kwa kujiamini kwamba ni hitilafu ya seva, ajaribu tena jioni. Ilipofika jioni tulikwisha kujua.

Wale walioirudisha walifanya kazi ya kupigiwa saluti. Baadhi yao, hasa wale wa Environmental Data and Governance Initiative, wamekuwa wakihifadhi takwimu za mazingira tangu mwaka 2016, kwa hiyo data ilikuwa imekwisha kunakiliwa, na ndani ya muda mfupi ramani ilikuwa hewani tena, yenye sura ile ile, vitufe vile vile na ripoti ile ile. Nimelinganisha namba za maeneo kumi na mawili niliyokuwa nimeyachapa zamani kutoka toleo la 2.3 na zote zimelingana. Malalamiko yangu ni mawili. Kwangu mimi ripoti wakati mwingine huchelewa kutoka, hasa ninapochora umbo lenye kona nyingi, na mara mbili imenibidi nianze upya. La uzito zaidi ni kwamba data imeganda. EPA ilikuwa ikiisasisha karibu kila mwaka, na hata wakati huo makadirio ya hewa yalikuwa ya miaka kadhaa nyuma. Muungano wa kujitolea unaweza kuilinda nakala na kuirekebisha, lakini haujaajiriwa kwenda kupima hewa ya nchi nzima. Kila mwaka unaopita, ramani hii inasogea kutoka kuwa kifaa cha kuchunguza hali ya sasa na kuwa kumbukumbu ya hali iliyokuwa, na anayeandika tasnifu lazima aseme hivyo ukurasa wa kwanza wa sura ya mbinu, akitaja toleo na tarehe aliyopakua.

Kuna jambo moja ambalo silaumu kifaa, naulaumu utaratibu wa taaluma yetu. Vyuo vikuu huwapima wahadhiri vijana kwa idadi ya makala, na EJScreen inamwezesha mtu kuandika makala tatu kwa mwaka bila kuchafua viatu. Kazi kama ya Wing huchukua miaka, huanza na mikutano ambayo haina matokeo ya kuchapisha, na mara nyingi swali la utafiti huletwa na wakazi wenyewe. Wajumbe waliokutana Washington mwezi Oktoba 1991 katika mkutano wa kwanza wa kitaifa wa viongozi wa mazingira wa watu wasio weupe walipitisha kanuni 17, na mojawapo ilidai haki ya kushiriki kama wabia sawa katika kila ngazi ya maamuzi, tangu kutathmini mahitaji hadi kupanga na kutekeleza. Mtu anaweza kujenga jina zima katika fani hii kwa ramani peke yake, na nimekaa katika kamati za ajira ambako hakuna aliyeuliza kama mwombaji amewahi kukaa na watu anaowaandikia. Nami sikuuliza katika kamati ya kwanza niliyoalikwa.

Je, naipendekeza? Kwa mwalimu, ndiyo, bila kusita, kwa kuwa hakuna somo la saa moja linaloufumbua macho darasa zaidi ya kila mwanafunzi kutafuta anwani ya nyumba aliyokulia. Kwa mkazi anayejiandaa na kikao, ndiyo, mradi apeleke thamani halisi pamoja na pesentaili. Kwa mtafiti wa miji anayechagua mitaa ya kwenda kufanyia kazi ya uwandani, ndiyo. Kwa anayetaka kueleza kwa nini mtaa fulani ndio uliopewa dampo, hapana, maana ramani haina tarehe za vibali, haina ramani za miaka ya 1930 zilizoigawa mitaa ya kukopeshwa na ya kunyimwa, na haijui nani alifika kwanza kati ya moshi na watu. Hayo atayatafuta katika nyaraka, kama alivyofanya Bullard.

Atakayeanza leo asitegemee ramani ya kwenye kivinjari pekee. Apakue faili zima la data pamoja na mwongozo wa kiufundi, aweke nakala sehemu mbili, kisha ndipo achore duara lake la kwanza. Faili lina mistari zaidi ya laki mbili na safu nyingi kuliko anavyohitaji, hivyo ni bora lifunguliwe katika programu ya takwimu kuliko katika jedwali la kawaida la ofisini. Kompyuta yangu ya zamani ililifungua kwa dakika tisa kisha ikazima.